Kinini: neno moja, dawa mbili, na damu ya mdogo wangu

Wengi hapa mnanijua kwa maandishi ya vita na mipaka. Leo ninaandika historia ya dawa, na nitaanzia nyumbani, kwa sababu bila yale yaliyotupata nyumbani nisingeijua.

Mwaka 2017 mdogo wangu, binti wa miaka 22, alianza kutoka madoa mwilini. Mengine yalikuwa makubwa ya buluu kama ya mtu aliyepigwa, mengine madogo mekundu kwenye miguu, kama amechomwa na sindano mia. Jumatatu akapata homa. Jumanne akapelekwa kwenye kituo kimoja cha afya mtaani, wakafanya egzame ya GE, wakasema malaria, misalaba miwili, wakamtundikia serumu. Alhamisi asubuhi aliamka na damu kwenye mto. Ilitoka kwenye fizi. Ikatoka puani. Tukarudi naye, wakatundika serumu nyingine.

Ninyi wa Kivu mnajua kilichofuata. Mtu akitoka damu hovyo, na hakuna ajuaye sababu, neno ni moja tu. Bukavu wanasema karuho, sisi huku tunasema sumu. Jumapili ile mdogo wangu alikuwa amekula kwa mama jirani, karamu ya ubatizo. Mjomba akaunganisha mambo haraka: "Mutoto alikula kule, sasa anatoka damu. Banamupatia sumu!" Kufika Alhamisi jioni vijana walikuwa barazani kwetu na hawakuja kumwona mgonjwa. Nilimsikia mmoja anauliza mambo ya tairi na petroli. Sipambi hapa. Aliyeishi Uvira anajua mambo hayo yanaanzaga hivyo hivyo, kwa sauti ya chini.

Ijumaa tulivuka Kavimvira na Gatumba, tukafika Bujumbura. Maabara ya kule ilikuwa na mashine ya kuhesabu chembe za damu. Karatasi ikatoka: plakete 7.000. Nilisoma historia na siyo biolojia, nikamwuliza dokta ilipaswa kuwa ngapi. Akasema mtu mzima anakuwa na kati ya 150.000 na 400.000 katika tone dogo la ujazo mmoja. Plakete ni vile vijichembe vidogo vinavyokimbilia penye jeraha na kuziba. Zikishuka chini ya 30.000 mganga anaanza kuhangaika, chini ya 10.000 damu inaweza kutoka yenyewe, hata ndani ya ubongo.

Halafu akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Alimtazama mama akamwuliza: "Alimeza kinini?"

Mama akajibu bila kufikiri: "Hapana dokta, hakumeza hata kinini kimoya. Balimutia serumu tu."

Dokta akaandika hapana.

Hapo niruhusuni nisimame kidogo kwenye neno hili. Kwa Kirundi ikinini ni kidonge, kidonge chochote kile. Kwa Kiswahili chetu cha kando ya ziwa ni vilevile, mtu anameza kinini ya kichwa, kinini ya tumbo, kinini ya minyoo. Lakini neno lenyewe linatoka kwenye kinini moja tu, ile ya malaria, dawa chungu iliyokuja na wageni. Babu zetu walikutana nayo kabla ya vidonge vingine vyote, basi vilivyofuata vikarithi jina lake. Dokta alikuwa anauliza kuhusu dawa ya malaria. Mama alisikia kidonge. Na kinini yenyewe ilikuwa ndani ya serumu, imeyeyushwa kwenye chupa, haionekani. Mama hakudanganya hata kidogo.

Nilikuwa nimebeba karatasi ya kile kituo mfukoni. Nikaitoa. Dokta akasoma, akafuta hapana, akaandika ndiyo, akapiga mstari mara mbili.

Kwa nini swali hilo lina uzito? Mwaka 1865 daktari mmoja Mwingereza aitwaye Vipan aliandika katika jarida la Lancet kwamba kuna watu ambao wakinywa kinini wanatoka madoa ya damu chini ya ngozi. Mwaka huohuo, kwa sadfa tu, Waholanzi walinunua kutoka kwa Charles Ledger mbegu za mti wa kinkina wa Bolivia, mbegu ambazo zingefanya kisiwa cha Java kuwa shamba la kinini la dunia nzima. Yaani wakati dawa inajiandaa kuwa biashara kubwa, kosa lake lilikuwa limekwisha kuandikwa. Maelezo yalikuja baadaye sana. Kwa watu wachache, mwili unatengeneza kingamwili za ajabu ambazo zinashika plakete pale tu kinini inapokuwepo kwenye damu. Bila kinini hazifanyi kitu. Kinini ikiingia, hata kidogo, hata ile ya kwenye soda ya toniki, plakete zinaangamizwa kwa muda mfupi. Dawa ya hali hiyo ni kuacha kinini, na kutoigusa tena maisha yote. Mara nyingi baada ya wiki moja hivi hesabu inarudi.

Na hapa kwetu kinini siyo mgeni hata kidogo. Burton na Speke walifika Uvira mwezi wa 4, 1858, kwa mitumbwi kutoka Ujiji, katika msafara ambao Sidi Mubarak Bombay alikuwa mkalimani wake. Uvira ilikuwa mwisho wa njia ya wafanyabiashara wa pwani upande wa kaskazini, mahali pa pembe za ndovu na watumwa. Wazungu wale walikuja kutafuta kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Hawakufika kwenye mdomo wa mto. Waliofika ni Livingstone na Stanley, mwezi wa 11, 1871, wakaona kwa macho yao kwamba Ruzizi inaingia, basi hadithi ya Tanganyika kuwa chanzo cha Nile ikafia hapo, karibu kabisa na tunapoogelea siku za Jumapili.

Sasa, Livingstone huyo alikuwa daktari, na alikuwa na kidonge chake mwenyewe cha homa alichokitunga akiwa safarini. Ndani yake kulikuwa na kinini, kalomeli ambayo ni zebaki, rubabu na mzizi wa jalapa wa kuharisha. Dawa nne kwenye kidonge kimoja! Mwaka 1867 mtu aliyetoroka msafara aliondoka na sanduku la dawa, na Livingstone mwenyewe aliliona jambo hilo kama hukumu ya kifo. Baadaye kampuni ya Burroughs Wellcome ya London iliuza vidonge hivyo kwa jina lake. Kwa hiyo wazo la dawa mseto lilifika kwenye ziwa letu zamani kuliko hospitali ya kwanza. Ila lilikuwa mseto wa kubahatisha. Kinini ndiyo iliyofanya kazi, zile nyingine zilimpeleka mgonjwa chooni tu.

Kinini ilikuwa imetolewa kwenye gome huko Paris mwaka 1820 na Pelletier na Caventou. Kwetu kinkina ilikuja kama shamba wakati wa Wabelgiji, kwenye milima ya Kivu yenye baridi na mvua, na vita ya pili ya dunia iliipa umuhimu mkubwa, kwa sababu mwaka 1942 Wajapani waliteka Java na majeshi ya upande wa Uingereza na Marekani yakabaki bila kinini ya kutosha. Gome la Kivu likatafutwa. Kutoka hapo kikakua kiwanda ambacho kila mtu wa Bukavu anakijua, Pharmakina. Kwa miaka mingi kilikuwa mkononi mwa kampuni ya Ujerumani, Boehringer Mannheim. Nani kati yetu hajapita karibu na mashamba ya kinkina, majani mekundu-mekundu, na wamama wakianika magome? Serumu iliyomharibia mdogo wangu inawezekana kabisa ilianza safari yake kilima cha jirani.

Turudi Bujumbura. Dokta akatuambia tusikimbilie. Kama ni kinini, tuiache tu na damu itarudi. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao, ambao mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya plakete zake wenyewe bila kuhitaji dawa yoyote. Akataka kujua jambo moja: madoa yalianza kabla ya serumu au baada ya serumu?

Familia ikagawanyika palepale kwenye korido. Mama akasema baada. Shangazi akasema kabla, siku moja kabla. Mjomba, aliyekuwa amekuja nasi akiwa bado na jirani kichwani, akasema madoa yalianza Jumapili usiku baada ya chakula. Kila mmoja aliapa. Na mgonjwa mwenyewe hakukumbuka, alikuwa mchovu wa kufa.

Miaka yote shuleni tuliimbiwa kwamba kazi ya kwanza ya mwanahistoria ni kupanga tarehe, na nilidhani ni ya kujibia mtihani tu. Nikakumbuka kwamba Jumamosi, siku moja kabla ya ule ubatizo, binamu yetu alioa. Nikafungua simu. Kulikuwa na picha kama 60. Kwenye moja mdogo wangu ameinua mkono anacheza, na juu ya kiwiko kuna doa la buluu kubwa kama sahani ya kahawa. Picha ina saa na tarehe. Jumamosi, saa kumi jioni.

Doa lilitangulia serumu kwa siku tatu. Na lilitangulia chakula cha mama jirani kwa siku nzima. Nikampa mjomba simu. Aliitazama muda mrefu, akaivuta picha ikawa kubwa, akaipunguza, akanirudishia bila neno. Usiku ule alipiga simu Uvira, na sikuuliza alisema nini, ila vijana hawakurudi barazani.

Kwa dokta picha ile ilimaanisha kitu kingine: kinini inawezekana iliongeza moto, lakini haikuuwasha. Alipima virusi vya UKIMWI, kwa sababu virusi hivyo navyo vinashusha plakete kwa njia ya kinga, jambo lililoonekana kwa mara ya kwanza New York mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakukuwa na virusi. Akagusa tumbo upande wa kushoto kutafuta kama bandama imevimba, maana malaria inaivimbisha na bandama kubwa inameza plakete. Haikuvimba. Hakuna kipimo kimoja kinachosema ndiyo kwa ugonjwa huu. Unafikiwa kwa kuondoa mengine yote, moja baada ya lingine.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Mwaka 1735 Paul Werlhof, daktari wa Hanover huko Ujerumani, aliandika habari za msichana aliyetoka madoa na damu puani bila homa ya kuambukiza. Hakujua plakete ni nini, hakuna aliyejua. Mwitaliano Giulio Bizzozero alizionyesha wazi na kazi yake mwaka 1882, na muda mfupi baadaye wakaona kwamba wagonjwa wa aina ya yule msichana wanazikosa. Lakini zinaenda wapi? Mwaka 1916, Prague, mwanafunzi (narudia, mwanafunzi, kama wengi wenu mnaosoma hapa) aitwaye Paul Kaznelson alisema zinaliwa kwenye bandama. Akamshawishi mpasuaji Schloffer aitoe bandama ya mwanamke mmoja mgonjwa. Plakete zikapanda sana. Tangu siku hiyo hadi kufika dawa za steroidi, kisu ndicho kilikuwa tiba.

Halafu kuna kisa cha Saint Louis, Marekani, mwaka 1950, ambacho nikiwasimuliaga wanafunzi wangu hawaamini. Daktari kijana William Harrington alitaka kujua kama kuna kitu kwenye damu ya mgonjwa kinachoua plakete. Akachukua nusu lita ya damu ya mgonjwa mmoja wa kike akajitia mwenyewe kwenye mshipa. Ndani ya saa chache plakete zake zilikuwa karibu zimekwisha. Akapata degedege, akatoka madoa, wenzake wakiwa kando wanahesabu na kuandika. Siku kadhaa baadaye zikarudi. Jibu likawa limepatikana: tatizo halikuwa kwenye uboho wa mfupa peke yake, kulikuwa na kitu kwenye damu. Leo tunakiita kingamwili. Leo pia hakuna kamati ya maadili ambayo ingemruhusu, na nadhani ni vizuri.

Mwanzo wa miaka ya 1950 zikaja steroidi, na ndizo mdogo wangu alipewa: prednisoloni. Kabla ya kumpa, dokta alimpa kwanza dawa ya minyoo, nikaona kama ni mzaha, mtu anatoka damu wewe unahangaika na minyoo. Baadaye nikaelewa. Kuna mnyoo wa nchi zetu za joto, strongiloidi, unaokaa kimya tumboni miaka mingi, na steroidi zikilaza kinga unazaliana na kusambaa mwilini hadi kuua. Vilevile kifua kikuu kilicholala kinaamka. Ndiyo maana mtu asijinunulie prednisoloni kwenye famasi ya sokoni, hata kama inapatikana kwa bei ya biskuti.

Plakete zikapanda. 7.000, 24.000, 88.000. Tukafurahi, tukarudi Uvira. Dozi ilipopunguzwa zikaanguka tena: 19.000. Ikaongezwa, zikapanda. Ikapunguzwa, zikaanguka. Uso wake ulivimba ukawa wa duara, sukari ya damu ikaanza kupanda, usiku halali. Watu njiani walimwambia amenenepa, amepata mume mwenye pesa. Alikuwa analia.

Hivyo ndivyo ulivyo ugonjwa huu kwa watu wazima. Wengi wanaitikia steroidi mwanzoni, halafu sehemu kubwa yao wanaanguka tena dozi ikishuka. Kwa watoto ni tofauti, wengi wanapona wenyewe bila chochote. Ndipo dokta akasema ataongeza dawa ya pili juu ya ile ya kwanza: azathioprini.

Hapa ninataka twende polepole, kwa sababu neno mseto linatudanganya. Sisi wa kizazi hiki tumekua na dawa za mseto. Kifua kikuu, dawa nne pamoja. UKIMWI, tangu 1996, dawa tatu pamoja, na Pharmakina yetu ya Bukavu tangu 2005 ilitoa kidonge chake, Afri-Vir, dawa tatu ndani ya kimoja. Malaria, klorokini ilishindwa, na mwaka 2005 Kongo ikachukua mseto wa artesuneti na amodiakini. Kwenye magonjwa hayo yote sababu kuu ya kuchanganya ni ileile: mdudu ni mjanja, ukimpiga na dawa moja anajifunza kuikwepa, ukimpiga na mbili au tatu kwa wakati mmoja hana pa kutorokea.

Kwenye ugonjwa wa plakete hakuna mdudu. Adui ni kinga yako mwenyewe. Hakuna usugu wa kuzuia. Basi kwa nini kuchanganya? Kwa sababu plakete zinapotea kwa njia zaidi ya moja. Kuna chembe zinazotengeneza kingamwili mbaya. Kuna bandama inayokula plakete zilizopakwa kingamwili hizo. Na kuna uboho ambao ungepaswa kutengeneza nyingine haraka lakini hautoshi, maana kingamwili zinausumbua na wenyewe. Dawa moja inaziba shimo moja. Steroidi zinapunguza ulaji wa bandama haraka, ndani ya siku. Azathioprini inabana ukuaji wa chembe za kinga zinazozaana, lakini polepole, miezi miwili, mitatu. Unazianzisha pamoja ili ya haraka ikushike mkono mpaka ya polepole ifike, halafu unaachilia ya haraka ambayo ndiyo inakuharibu uso na mifupa. Kusudi la mseto huu ni kupata njia ya kutoka kwenye steroidi.

Azathioprini yenyewe ilitoka kwenye maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion, Marekani. Elion hakuwahi kumaliza udaktari wa chuo, PhD, na mwaka 1988 akapewa Nobel. Hiyo ninaiweka kwa ajili ya wanaosubiri tasnifu zao zisainiwe.

Kwenye nchi tajiri mambo yameenda mbali. Mwaka 1981 Paul Imbach wa Bern, Uswisi, alionyesha kwamba kingamwili za watu wengi zikikusanywa na kutiwa kwenye mshipa zinapandisha plakete za watoto haraka, maana bandama inashiba kingamwili na kuziacha plakete. Mwaka 2008 zikakubaliwa Marekani dawa mbili zinazousukuma uboho utengeneze plakete zaidi. Waitaliano mwaka 2010 walichanganya deksametasoni na rituksimabu, dawa inayoua chembe za kutengeneza kingamwili: baada ya miezi sita wagonjwa 63 kwa mia walikuwa bado wazuri, kwa deksametasoni peke yake 36 kwa mia. Wachina wamejaribu hata kuchanganya deksametasoni na dawa ya mafua, oseltamiviri, na ikasaidia.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Uingereza wa mwaka 2021, wagonjwa 120, nusu wakapewa steroidi peke yake, nusu steroidi na mikofenoleti tangu mwanzo. Walioshindwa na tiba walikuwa 44 kwa mia upande wa dawa moja, 22 upande wa mseto. Nusu kamili. Lakini watafiti waliwauliza wagonjwa pia wanajisikiaje, na wale wa mseto walisema wamechoka zaidi na mwili haufanyi kazi vizuri kama wa wenzao. Namba nzuri, maisha mazito zaidi. Ninaheshimu watu walioandika mambo yote mawili kwenye karatasi moja. Kwetu tunapenda kuonyesha namba tu, hata kwenye ripoti za mashirika, mnazijua.

Kwa nini mdogo wangu hakupewa rituksimabu? Bei. Kwa nini hawakumtoa bandama? Dokta alisema mtu asiye na bandama anashambuliwa vibaya na bakteria na malaria, na wewe unaishi bondeni mwa Ruzizi kati ya mbu, unahitaji bandama yako. Tutaitoa ikishindikana kabisa, akasema, na chanjo kwanza. Azathioprini ilikuwa ya zamani, inajulikana, na familia iliweza kuinunua kwa kuuza mbuzi, siyo shamba. Hizo ndizo hesabu za mseto huku kwetu, hazimo kwenye majarida.

Ilichukua karibu miezi minne. Prednisoloni ikashushwa robo kidonge kwa robo kidonge. Plakete zikasimama kati ya 60.000 na 90.000, ambazo kwenye kitabu bado ni chache, ila hazitoi damu. Uso ukarudi. Akarudi sokoni na ndagala zake.

Halafu 2020. Korona ikafunga mpaka wa Burundi mwezi wa 3. Mwezi wa 4, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, mvua ikashuka milimani, Mulongwe ikafurika ikabeba nyumba na watu. Kwetu maji yaliingia hadi magotini, na daftari lake la matokeo ya maabara likalowa. Dawa zilikuwa Bujumbura, unaiona ng'ambo jioni taa zikiwaka, na huwezi kwenda. Alikaa wiki tano bila azathioprini kabla hatujapata nyingine kupitia Bukavu. Plakete zikashuka hadi 31.000. Tulikuwa tunamtazama miguu kila asubuhi, kama watu wanaotazama mto.

Zikapanda tena, polepole.

Mama jirani, yule wa ubatizo, hakuwahi kuambiwa rasmi kwamba alishukiwa. Lakini Uvira hakuna siri. Miezi mingi alipita mbele ya kwetu bila kusimama. Baada ya mafuriko, ukuta wake ulipoanguka, mjomba ndiye alienda kuujenga, siku mbili, matofali yake mwenyewe. Sikumsikia akiomba msamaha. Mama jirani alimpikia ugali na sombe, akala chote, watu wote wakimwona.

Mdogo wangu anabeba kadi kwenye mkoba. Dokta aliandika kwa Kifaransa kwamba asipewe kinini kwa njia yoyote. Yeye aliona haitoshi, maana muuguzi wa usiku anaweza kusoma haraka na kuelewa vidonge. Akachukua kalamu ya bluu, akaongeza chini yake kwa maneno yake: "Ile ya malaria. Hata kwenye serumu."